Mchunga wa Amani na mchunga wa Pongwe: uchambuzi wa kisa kimoja cha madini kwenye majani

Kisa hiki kilianza na magunia mawili ya majani makavu ya mchunga. Moja lilitoka juu Amani, wilayani Muheza, na la pili lilitoka upande wa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Yote mawili yalivunwa na akina mama wa vikundi vinavyokausha mboga za asili na kuzisaga unga, na yote mawili yalinunuliwa na mfanyabiashara mmoja ambaye, kwa kutaka kukijua vizuri anachokiuza, alipeleka sampuli maabara. Majibu yalipotoka, unga wa Amani ulionekana kuwa na chuma, manganizi na zinki nyingi kuliko unga wa Pongwe. Mfanyabiashara alikata shauri siku hiyo hiyo: mchunga wa Amani ni wa mbegu bora, una nguvu ya kunyonya madini kuliko ule wa pwani, kwa hiyo utalipwa zaidi, na wa Pongwe utapunguziwa bei. Kikundi cha Pongwe kilikuja kwangu kwa sababu nimefanya kazi ya kupima udongo na majani kwa miaka mingi. Niliposalimia, bibi aliyekuwa mkubwa wao aliitikia kisha akaniuliza bila kuzunguka: “Mwanangu, mchunga huu tumelelewa nao na tumelea nao watoto. Leo umekuwa hauna kitu?”

Kwa asiyeujua, mchunga ni mmea wa mwituni wa familia moja na alizeti, na jina lake la kitaalamu ni Launaea cornuta. Una shina lenye uwazi ndani, utomvu mweupe unaochuruzika ukikwanyua jani, maua ya manjano, na mbegu zenye manyoya meupe zinazopeperushwa na upepo. Chini ya ardhi mizizi yake hutambaa na kuchipua upya, ndiyo maana mkulima anayeukatakata kwa jembe mara nyingi huuzidisha badala ya kuumaliza. Huota wenyewe mashambani, kando ya njia na katikati ya mistari ya mkonge. Watu wa Tanga huuchemsha, humwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu, kisha huuunga kwa tui na kuula kwa ugali au kwa bada. Kwa kuwa hakuna mkono wa mtu uliowahi kuuchagulia mbegu, tofauti yoyote ya asili iliyopo kati ya mchunga wa mahali hapa na wa mahali pale imeletwa na udongo, hali ya hewa na mwendo wa upepo kwa vizazi vingi. Kwa hiyo dai la mfanyabiashara halikuwa la kupuuzwa hata kidogo. Lilikuwa dai linalowezekana kabisa, ila lilikuwa halijathibitishwa.

Kosa lake lilikuwa kuisoma karatasi ya maabara kana kwamba kila miligramu ya namba ile imetoka ndani ya mmea kwa uwezo wa mmea. Namba inayoandikwa baada ya jani kusagwa, kuyeyushwa kwa asidi ya nitriki na kupimwa ni jumla ya mambo matatu yaliyochanganyika: kilichokuwa juu ya jani, kile ambacho udongo ulikuwa tayari kukitoa, na kile ambacho mmea wenyewe, kwa urithi wake, unaweza kukivuta na kukipandisha hadi majanini. Ni jambo la tatu tu linalostahili kuitwa tofauti ya mbegu, na huwezi kulifikia kabla hujayaondoa yale mawili.

Nilianza na lililo jepesi, yaani vumbi. Niliomba masalio ya magunia yote mawili, nikachukua konzi moja ya majani ya Amani, nikayatumbukiza kwenye beseni jeupe la plastiki na kuyasuuza mara tatu kwa maji safi ya maabara. Maji ya kwanza yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na hata ya tatu, yalipotulia, yaliacha chembechembe nyekundu chini ya beseni. Majani yale yalivunwa wakati wa masika, mvua ilipokuwa ikirusha tope hadi kwenye majani ya chini, kisha yakaanikwa kwenye turubai uani, mahali ambapo kuku, watoto na upepo havizuiliki. Majani ya Pongwe nayo hayakuwa safi, lakini yaliyobaki kwenye beseni lao yalikuwa unga mweupe wa kijivu, ambao kwa sehemu kubwa ni chokaa.

Anayetaka kuona uzito wa jambo hili na apige hesabu hii. Udongo mwekundu ukiwa na chuma cha asilimia 4, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, basi gramu 1 ya udongo huo ina miligramu 40 za chuma. Gramu hiyo ikijificha ndani ya gramu 100 za majani makavu, unga utaongezewa miligramu 400 za chuma kwa kila kilo, wakati jani la kawaida la mboga, likiwa safi, mara nyingi lina miligramu mia moja au mbili hivi kwa kilo ya uzito mkavu. Asilimia moja tu ya tope, ambayo jicho halitaiona baada ya kusaga, inatosha kumfanya mtu aamini kwamba amepata mmea wa ajabu. Chokaa ya Pongwe hufanya kinyume chake, kwani huongeza uzito wa unga bila kuongeza chuma, na hivyo kuishusha namba. Wapimaji makini hupima pia alumini au titani, ambazo zimejaa udongoni lakini mimea mingi huzivuta kwa uchache mno. Zikipanda pamoja na chuma, basi kilichopimwa ni tope. Mtego huu umewanasa hata watafiti wakubwa. Huko Katanga, kwenye vilima vya shaba, kuna mimea iliyotangazwa kuwa hujaza shaba na kobalti majanini kupita kiasi, na baadaye ikabainika kwamba baadhi ya namba hizo zilikuwa zimepandishwa na vumbi la udongo lililoganda juu ya jani.

Tulivuna upya pande zote mbili, majani ya umri mmoja, tukayaosha yakiwa bado mabichi, tukayakausha kwenye vichanja vilivyofunikwa. Sharti la umri si la urembo. Manganizi ikishaingia kwenye jani haihami kirahisi, hivyo jani lililokomaa huwa nayo zaidi kuliko kikonyo kichanga, na akina mama wa Pongwe, wanaouza pia mboga mbichi sokoni, huchuma vikonyo. Vipimo vya mara hii vilionyesha kwamba tofauti ya chuma imekwisha karibu yote. Tofauti ya manganizi na zinki ilibaki, na kwa upande wa manganizi ilikuwa kubwa.

Hapo ndipo udongo ulipotakiwa kuhojiwa. Pongwe iko juu ya mawe ya chokaa, jamaa ya yale ambayo maji yaliyachonga yakawa mapango ya Amboni, na shughuli za uchimbaji wa mawe na uchomaji wa chokaa za eneo hilo zinayajua vizuri. Juu Amani hali ni nyingine: udongo mwekundu uliotokana na miamba ya kale ya gneisi, unaopokea mvua ya takriban milimita 1,900 kwa mwaka, ambayo imeukosha kwa karne nyingi, ikaondoa kalsiamu na kuuacha na asidi. Manganizi na zinki hutii sana hali hii. Kwa nadharia ya kemia, pH ya udongo, yaani kipimo ambacho hupungua asidi ikizidi, ikishuka kwa kiwango kimoja, zinki inayoyeyuka kwenye maji ya udongo inaweza kuongezeka hadi mara 100. Shambani mambo hayaendi kwa unyoofu huo, kwa sababu mboji na udongo wa mfinyanzi hushika sehemu kubwa, lakini mwelekeo ni ule ule. Udongo wa chokaa unaweza kuwa na akiba nzuri ya zinki na bado mmea ukaona njaa, kwa sababu akiba hiyo imefungwa. Kwa hiyo mchunga wa Amani ulikuwa umekaa mezani penye chakula kilichokwisha pakuliwa, na wa Pongwe ulikuwa umekaa mbele ya ghala lililotiwa kufuli. Kuwalinganisha walaji kwa shibe yao, katika hali hiyo, si haki.

Lakini pia singeweza kuwaambia akina mama wa Pongwe kwamba yote ni udongo na mbegu haina neno, kwa maana sayansi ya mimea ya mwituni imejaa ushahidi wa kinyume. Mwaka 1981 mtaalamu Alan Baker aliigawa tabia ya mimea mbele ya metali katika aina tatu: ile inayozizuia zisipande majanini, ile ambayo majani yake huakisi kiasi kilichomo udongoni, na ile inayolimbikiza. Ya mwisho ina mifano ya kushangaza. Kuna mti wa Kaledonia Mpya, Pycnandra acuminata, ambao utomvu wake ukikaushwa huwa na nikeli inayofikia robo ya uzito wake. Mfano unaotuhusu zaidi hapa, hata hivyo, ni ua dogo la Ulaya liitwalo Noccaea caerulescens, kwa sababu ndani ya spishi hiyo hiyo moja makundi ya mahali mbalimbali hayafanani. Mimea ya eneo la Ganges, kusini mwa Ufaransa, huweka kadimi, metali yenye sumu, majanini kupita miligramu 1,000 kwa kilo, ilhali miligramu 100 peke yake inatosha kwa mmea kuitwa mlimbikizaji wa kadimi. Mimea ya Prayon, nchini Ubelgiji, ambayo ni spishi ile ile, haiifikii ya Ganges hata karibu kwa kadimi, ingawa kwa zinki hazitofautiani sana. Ukizipanda katika maji yenye chumvi zile zile, tofauti ya kadimi hubaki. Huo ndio uthibitisho wa urithi.

Wala tofauti ya urithi haihitaji muda mrefu mno wala umbali mkubwa. Mtaalamu wa mimea Anthony Bradshaw na wenzake walionyesha kwamba nyasi zinazoota kwenye mabaki ya migodi ya Wales zinastahimili metali, na nyasi za spishi hiyo hiyo za malishoni, hatua chache kutoka hapo, hazistahimili, ingawa upepo huchanganya chavua yao. Mwaka 1988 yeye na wenzake wakaonyesha jambo lile lile kwa nyasi zinazoota chini ya minara ya umeme iliyopakwa zinki: miongo michache ya matone ya mvua kutoka kwenye chuma ilitosha kuacha hai ile mimea inayostahimili. (Katika mkoa wetu wa Tanga, mahali ambapo ningependa kuona utafiti wa namna hii ukifanyika kwa ukamilifu ni bonde la mto Umba, ambako yakuti huchimbwa ndani na kando ya miamba ya serpentini. Udongo wa miamba hiyo kwa kawaida una nikeli na kromi nyingi, na magnesiamu huizidi kalsiamu. Mmea wa kawaida unaoota ndani na nje ya miamba hiyo ungetufundisha mengi kuliko mchunga wa kisa hiki.)

Njia ya kutenganisha udongo na mbegu ni moja tu: chukua mimea ya pande zote mbili, ipande katika udongo mmoja, kisha ipime. Tulichanganya lundo moja la udongo wa shamba la Muheza, tukauchekecha, tukaujaza kwenye ndoo kumi na mbili za plastiki, sita kwa kila upande. Tuliziepuka ndoo za bati kwa makusudi, kwa kuwa bati hupakwa zinki, na zinki ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta. Pamoja na tahadhari hiyo, jaribio la kwanza niliharibu mwenyewe, tena kwa bati lile lile. Nilizipanga ndoo kwenye ua wa nyumba, mistari miwili, mstari wa Amani ukiwa karibu na ukuta. Mvua za vuli zilipoanza, maji ya paa la mabati yalitonea moja kwa moja kwenye ndoo za mstari huo. Majibu yalipokuja, michunga ya Amani iliongoza kwa zinki kwa wazi, na nusura nimpelekee mfanyabiashara taarifa ya kumthibitishia dai lake, hadi nilipoinama asubuhi moja kumwagilia na kuona vishimo vidogo vilivyochongwa na matone kwenye udongo wa ndoo sita, na ndoo nyingine sita hazina hata kimoja. Kilichopimwa kilikuwa paa langu.

Kulikuwa na kosa la pili, dogo zaidi lakini la kisayansi. Nilipanda vipande vya mizizi, kwa kuwa vinashika haraka. Kipande cha mzizi huja na akiba kutoka nyumbani kwake, kama mgeni anayekuja na kapu la chakula, na majani ya kwanza hujengwa kwa akiba hiyo. Jaribio la pili tulilianza kwa mbegu, tukaweka ndoo chini ya paa la plastiki, tukazihamisha nafasi kila wiki ili hakuna iliyopendelewa na jua, na tukamwagilia maji ya chombo kimoja.

Ndoo kumi na mbili ni chache mno kubeba namba za kutangaza, kwa hiyo nitaeleza mwelekeo tu. Tofauti ya manganizi ilitoweka. Michunga ya pande zote mbili, ikila mezani pamoja, iliweka kiasi kilichokaribiana kiasi kwamba ndoo za upande mmoja zilipishana zenyewe kwa zenyewe kuliko pande mbili zilivyopishana. Kwa maneno mengine, ile manganizi iliyompandishia bei mchunga wa Amani ilikuwa ya udongo wa Amani. Zinki haikutoweka, iligeuka. Katika ndoo nyingi, mchunga wa Pongwe ndio ulioweka zinki zaidi.

Nilipomwonyesha mwenzangu wa maabara, alidhani nimebadilisha vibandiko, na tulivihakiki vyote kimoja kimoja. Lakini jambo hili lina mfano wake. Katika ile Noccaea ya Ulaya, makundi ya Luxembourg yanayoota kwenye udongo wa kawaida, usio na mabaki ya migodi, yakipandwa pamoja na makundi ya migodini huweka zinki nyingi zaidi. Mmea ambao wazazi wake waliishi kwenye uhaba hauna sababu ya kujifunza kuzuia. Mimea ya jamii ya mchunga, ikikosa chuma, hutoa asidi kwenye ncha za mizizi na kuongeza protini zinazofanya kazi ya mlango kwenye ngozi ya mzizi. Mlango unaojulikana kuliko yote, IRT1, uliochunguzwa kwa kina kwenye mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, hufunguliwa kwa ajili ya chuma lakini haubagui vizuri, kwa hiyo huingiza pia zinki, manganizi na kadimi. Udongo wa chokaa ndio hasa mahali pa kukosa chuma. Inaelekea, na nasema inaelekea kwa kuwa sikupima jeni yoyote, kwamba mchunga wa Pongwe umerithi mzizi wenye bidii zaidi, na bidii hiyo ilikuwa haionekani nyumbani kwa sababu ghala lilikuwa limefungwa.

Kwa hiyo dai la mfanyabiashara kuhusu mbegu, kwa kadiri ndoo zile zilivyoonyesha, lilikuwa limepinduliwa miguu juu kwa zinki, halikuwa na msingi kwa manganizi, na kwa chuma lilikuwa tope. Nilimweleza hayo dukani kwake, nikiwa na mabeseni mawili na masalio ya magunia yake mwenyewe, kwa sababu niliona maji mekundu yatasema vizuri kuliko jedwali. Aliyatazama kwa muda, akauliza iwapo manganizi walau haina faida kwa mlaji. Nilimjibu kwamba upungufu wa manganizi kwa binadamu ni nadra sana, ilhali upungufu wa zinki ni tatizo halisi, hasa kwa watoto. Tulikubaliana bei moja kwa pande zote mbili, kwa sharti kwamba majani yaoshwe yakiwa mabichi na yaanikwe juu ya vichanja.

Lilibaki jambo ambalo bibi wa Pongwe alilileta mwenyewe, na lilikuwa la akili. Aliuliza kama mbegu zao wasizipeleke Amani, zikaote kwenye udongo unaotoa, ili zinki iwe nyingi zaidi. Nilimwomba asubiri. Mlango unaoingiza zinki ndio huo huo unaoweza kuingiza kadimi, na kadimi ikishaingia kwenye figo za mtu huchukua miongo kutoka. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 kwa kilo ya mboga mbichi, na anayepima unga mkavu lazima akumbuke kwamba kukausha kumeondoa maji, kwa hiyo namba ya unga hailinganishwi na kiwango hicho moja kwa moja. Kadimi ya michunga ya ndoo zetu bado haijapimwa, na mboga isiyopimwa haipelekwi kwenye udongo wenye asidi kwa sababu tu ina hamu kubwa.

Sasa kizazi cha pili kiko kwenye maua. Kila ua limefungwa kwa kifuko cha chandarua, kwa kuwa mbegu za mchunga hazimngoji mtu, na upepo wa kaskazi wa wiki moja ungetosha kuzichanganya za Amani na za Pongwe tusijue tena ipi ni ya nani. Akina mama wa Pongwe ndio walioshona vifuko hivyo, uzi mweupe kwa mbegu zao na uzi mwekundu kwa za Amani.